Mwaka Niliotunza Nyimbo za Kwaya Nikidhani ni Wagonjwa

Kabla hamjaniheshimu, vijana, ngojeni kwanza nimalize kusema. Najua nikipita mtaa wa Makiso, wale wanaotengeneza kompyuta barabarani huinua vichwa na kusema, "Papa Sauvegarde, bonjour." Ninyi mnadhani ni jina la heshima. Sauvegarde ni nakala ya akiba, kwa hiyo mtu anayeitwa hivyo lazima aliokoa vitu vingi. Jina hilo nilipewa na wauguzi, na walinipa kwa kunicheka, wiki ile ile niliyopoteza wagonjwa wote wa zahanati.

Hawakufa. Niliwapoteza ndani ya kompyuta tu. Lakini mkishasikia mtaona kwamba hilo neno "tu" sikustahili kulitumia.

Nilikuwa fundi wa kompyuta, peke yangu, wa zahanati moja ya kifua kikuu hapa Kisangani. Sitaitaja, maana makosa yalikuwa yangu. Wagonjwa wetu walikuwa na kile kifua kikuu sugu kinachokataa dawa za kawaida. Mgonjwa wa namna hiyo humeza dawa miezi mingi, na dawa hubadilika njiani: hii ameachishwa, hii ameongezewa, hii ilimdhuru asipewe tena. Watu walitoka Bafwasende kwa pikipiki wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Wengine walitoka Barumbu kwa baleinière, ule mtumbwi mkubwa wa mbao wenye injini, siku kadhaa mtoni. Kila mmoja alikuwa na historia yake, na historia zote zilikuwa ndani ya kabati la chuma katika chumba changu.

Zamani hazikukaa humo. Zilikuwa katika madaftari makubwa ya Mama Georgine, muuguzi mkuu, mtoto wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko. Mama huyu hakupaza sauti maisha yake yote, na sikuwahi kuona mtu aliyemtilia ubishi akashinda. Isipokuwa mimi, mara moja, na nilijuta. Nilimwendea daktari wetu mkuu nikamwonyesha daftari lililoliwa na mchwa pembeni. Nikasema karatasi ni mambo ya kale. Nikasema kila mgonjwa apewe kikadi kidogo chenye namba, na mengine yote yakae ndani ya seva, ile kompyuta kuu ya kwenye kabati la chuma. Daktari alipenda. Madaftari yakafungwa kwa kamba, yakapelekwa stoo, na stoo nayo mchwa waliijua njia.

Mama Georgine alikuja chumbani kwangu siku ile.

"Papa Anaclet," akasema, "hii machine ikikufa, watu wangu wataenda wapi?"

"Haiwezi kufa, mama. Kila baada ya saa sita inapiga picha ya diski yote. Mutu akifuta kitu, narudisha."

"Na hizo picha zinakaa wapi?"

"Humu humu ndani."

Alilitazama lile kabati, akanitazama mimi, akasema, "Bon," akaenda zake. Kama mmefanya kazi na wauguzi mnajua "bon" ya namna hiyo.

Sasa niwaeleze hizo picha, maana ndizo zilizonilewesha. Sisi mafundi tunaziita snapshoti. Diski kubwa unaigawa vipande, kila kipande na kazi yake, tunaita volimu. Snapshoti ni kumbukumbu ya jinsi volimu ilivyokaa dakika fulani. Mara moja muuguzi alifuta kazi ya mwezi mzima kwa kidole kimoja, akaanza kulia. Nikamrudishia yote kabla hajapata leso. Wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyoniharibu. Nilianza kutembea polepole, kama mutu ya cabinet ya waziri.

Kitu ambacho sikukifikiri, ingawa nilikijua, ni kwamba snapshoti haibebi kila kitu. Hubeba kilichobadilika tu, na mengine yote inaegemea diski ile ile iliyoizaa. Diski ikifa, snapshoti thelathini zinakufa nayo. Nilikuwa na thelathini. Nilizihesabu mbele ya wageni.

Chumba changu kilikuwa na joto, kwa hiyo nililisogeza kabati mpaka chini ya klimatizeri, mashine ya baridi, ili lipate upepo. Mimi mwenyewe nililisukuma, na nilijisifu. Klimatizeri ina bomba la kutolea maji. Nyigu walijenga ndani ya bomba lile mwishoni mwa juma, wakaliziba. Jumatatu asubuhi nilifungua mlango, nikasikia kimya. Katika kazi yetu kimya ni kibaya kuliko moshi. Kisha nikasikia tone. Maji yalikuwa yakishuka katikati ya kabati, taratibu kabisa, yakiingia kwa juu na kutoka kwa chini, kama yamepewa njia.

Nilizichomoa diski, nikazifuta kwa shati langu, nikazianika juani juu ya kanga ya mama anayefanya usafi. Ndiyo, vijana, nilianika diski kama mihogo. Baadaye tulizituma Kinshasa kwa wataalamu, zikarudi na barua ya ukurasa mmoja. Humo hamkuwa na kitu.

Asubuhi ile uani kulikuwa na watu kwenye mabenchi, kila mmoja na kikadi chake mkononi. Namba za seva iliyokufa. Nilienda kwa Mama Georgine nikaanza kumweleza kwa Kifaransa kirefu, mambo ya kontrola ya diski na ya humidité, unyevu. Alinisubiri nikaishiwa pumzi.

"Donc haiko kitu," akasema.

"Haiko kitu, mama."

"Hata moja."

"Hata moja."

Akavuta kiti akakiweka uani, mbele ya meza. "Kaa hapa. Utaandika. Watu watakuambia."

Kwa majuma matatu nilikaa pale. Sijui kama mnaelewa aibu hiyo. Nilikuwa nimetunza majina ya watu wale miaka, na sikuwa nimeona uso wa hata mmoja. Sasa walikaa mbele yangu, nami nikawauliza: unameza ngapi asubuhi? Rangi gani? Ulianza kabla ya mvua au baada? Mama Georgine aliwaambia walete vibati vitupu vya vidonge, na walivileta, wengine walikuwa wamewapa watoto wachezee. Tulilinganisha na hati za dawa zilizotoka famasia. Mzee mmoja wa Barumbu alikuwa akichora alama kwa msumari kwenye pirogi yake, mtumbwi wake, kila alipomeza, na alirudi mpaka kwao akatuletea hesabu. Ndiye mgonjwa pekee aliyekuwa na sauvegarde.

Siku ya nne au ya tano alikaa mbele yangu mama mmoja wa Yanonge, Mama Bibiane, muuza samaki wa kukaushwa. Muuguzi kijana alikuwa tayari ameandaa sindano, kwa kuwa hali yake ilionekana kudai sindano ile. Walimuuliza kama aliwahi kuipata. Akasema alipata nyingi, jina hakulijua. Walimuuliza kama kuna iliyomdhuru. Hakujibu. Walirudia. Akageuza kichwa, akatega sikio la kulia, akasema, "Ongea huku."

Hapo nikakumbuka. Miaka miwili nyuma Mama Georgine aliniita nitengeneze kionyo katika programu, lile neno jekundu linalotokea kumzuia muuguzi. Lilikuwa halitoki. Nililijaribu na jina la mgonjwa mmoja, nikaliandika pengine mara ishirini mpaka likatoka. Jina lilikuwa Bibiane. Na lile neno jekundu lilisema sindano hiyo imemharibu sikio la kushoto, asipewe tena.

"Acha," nikamwambia muuguzi. "Huyu, hiyo sindano, hapana. Ilimuua sikio ya kushoto."

"Papa amejua je?"

"Niliandika mimi."

Mama Georgine alikuja, akamwinamia yule mama kwenye sikio la kulia, wakaongea Kilingala kidogo kidogo, kisha akachukua ile sindano kutoka kwa muuguzi akaiweka kando. Hakunisifu. Alikaa kwenye benchi karibu nami.

"Leo sikio ya kulia ya huyu mama imeokolewa na kichwa yako," akasema. "Kichwa ya mutu mwenye anasahau funguo kila siku."

Ilikuwa kweli. Hata asubuhi ile nilikuwa nimevunja kufuli ya chumba changu mwenyewe.

Baadaye zahanati ilinunua seva mpya mahali pa ile iliyokufa, kisha tukapata na seva ya pili, na hapa naomba mcheke taratibu. Nilipoipokea, niliipandisha juu ya ile mpya ya kwanza. Kabati moja, plagi moja, chini ya paa moja. Niliona imekaa vizuri, kama sufuria juu ya sufuria.

Aliyenirekebisha ni Tonton Maurice, mzee aliyetumia maisha yake kwenye phonie, ile redio ya kuitana mbali. Ujanani alifanya kazi bandarini akiongea na meli za mtoni. Uzeeni alitushughulikia mawasiliano na Bafwasende. Aliingia chumbani kutafuta waya, akaona seva zangu mbili zimebebana.

"Hii ya juu ni ya nini?"

"Ya akiba, Tonton. Ile ya chini ikikufa."

Akacheka mpaka akakaa. Akaniambia bandarini walikuwa na phonie mbili ndani ya nyumba moja, ya kazi na ya akiba. Radi ilipiga nyumba. "Zilikufa pamoja kama mapacha," akasema. "Peleka hiyo kitu mbali. Pitisha mto."

Basi tuliipeleka Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye kituo kidogo cha zahanati yetu, na tukafunga antena mbili zikitazamana juu ya maji. Antena zile zilipitisha data kama mtu anayenywa chai ya moto. Kupeleka volimu nzima kungechukua siku nyingi, na umeme haukuwa na subira hiyo. Kwa hiyo nakala ya kwanza, nzima, niliibeba mwenyewe ndani ya diski. Nilipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka kivukoni, diski kifuani ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Mwendesha baiskeli aliniuliza kama ni mtoto mgonjwa. Baada ya hapo seva ilituma tofauti tu, kila siku saa sita mchana, wakati jenereta inawaka na watu wanakula lituma yao, ndizi za kupondwa. Watu wa mbali watawaambia kazi hiyo hufanywa usiku. Fanyeni wakati umeme upo.

Tonton Maurice alinipa na neno lingine, nami sikulishika. Alisema kwenye phonie ujumbe haujafika kwa sababu wewe umesema. Umefika pale mtu wa ng'ambo amekusomea tena, neno kwa neno. "Fanya yako ikusomee," akasema. Nikasema ndiyo, Tonton. Sikufanya. Kila siku baada ya saa sita seva iliniandikia neno moja, "Réussi", yaani imefaulu. Nililisoma kwa raha mwaka mzima. Nililibandika hata ukutani.

Siku moja Mama Georgine alikuja na kiti chake. Alipobeba kiti, ulijua habari haiishi haraka.

"Nionyeshe mugonjwa moja," akasema. "Lakini si kwa hii. Kwa ile ya Lubunga."

"Mama, inafanya kazi. Ona, réussi, réussi, réussi."

"Nimeona. Nionyeshe."

Nikafungua njia ya Lubunga. Nikaingia kwenye nakala. Niliona mafaili mengi, nikafurahi, nikabonyeza la kwanza. Zahanati nzima ilisikia soprano.

Lazima mjue kwamba ndani ya seva nilikuwa nimewatengea wafanyakazi volimu yao, waweke picha za harusi na nyimbo za kwaya ya Krismasi. Volimu ya wagonjwa iliitwa vol1, ya kwaya vol2. Au kinyume chake. Ndilo jambo ambalo sikukagua. Kwa mwaka mzima, kila mchana, bila kukosa hata siku moja, nilikuwa nimevusha mto nyimbo za kwaya. Na mwaka huo kwaya ilirekodi sana.

Nilifungua la pili: alto. La tatu: mwalimu wa kwaya akiwagombeza tenor. Mama Georgine alisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa namwona tena yule mama wa Yanonge akigeuza kichwa.

"Voilà," akasema. "Kwaya imepona."

Siku ile ile niliandika upya amri zote, na volimu nikazipa majina ya kibinadamu: wagonjwa, famasia, kwaya. Msiite kitu vol1, vijana. Mtu mwenye njaa au mwenye usingizi hawezi kutofautisha moja na mbili. Nilichukua tena diski, toleka, kivuko, nikapeleka nakala ya kwanza iliyo ya kweli.

Kuanzia hapo kila Ijumaa Mama Georgine alikuja na kiti. Alichagua mgonjwa yeyote kichwani mwake, mimi nikamfungua kutoka Lubunga, nikasoma kwa sauti, yeye akafuata kwenye seva ya hapa. Mara nyingine tulikuta kitu. Mara moja saa ya seva ya Lubunga ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, na nakala mpya zilikuwa zikijipanga chini ya zile za zamani. Mara nyingine diski ya kule ilikuwa imejaa, kwa kuwa sikuamua ni snapshoti zipi zife. Kutunza nako ni kuua: za wiki hii zote, za mwezi huu moja kwa wiki, za nyuma moja kwa mwezi. Mimi nilikuwa nazihifadhi zote kama bibi anayehifadhi chupa. Kila kosa tulilikuta Ijumaa, tukiwa tumekaa, na chupa ya maji mezani. Ndiyo tofauti yote kati ya kosa na msiba.

Sasa niwaambie la mwisho, maana mtaniuliza kama hiyo seva ya pili iliwahi kufaa.

Ilifaa. Na aliyeleta msiba hakuwa radi, hakuwa nyigu. Asubuhi moja, uani watu wamejaa, nilikuwa nasafisha. Nilitaka kufuta volimu ya majaribio. Mashine iliniuliza kama nina hakika, mimi nilikuwa naongea na mtu mlangoni kuhusu mpira, nikajibu ndiyo. Nilipogeuka, volimu ya majaribio ilikuwa bado pale. Ya wagonjwa haikuwepo, na snapshoti zake zote zilikuwa zimeenda nayo. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi, na nilifanya kosa ambalo ningemfukuzia mwanafunzi.

Nilienda moja kwa moja kwa Mama Georgine. Safari hii sikutumia Kifaransa.

"Mama, nimefuta wagonjwa."

"Wote?"

"Wote."

Akaweka kalamu chini. "Ya Lubunga iko?"

"Iko. Mpaka jana mchana."

"Ijumaa tulisoma?"

"Tulisoma."

"Bon," akasema, na hiyo haikuwa ile "bon" ya zamani. "Enda. Mimi nitawapima watu kilo, wangojee."

Aliwapima kilo, kisha akawapima tena urefu, watu wazima, na hakuna aliyeuliza. Mimi nilishuka mpaka mtoni. Kupitia antena kungechukua siku nyingi, kwa hiyo nilivuka na diski, nikanakili volimu kule huku nikitembea huku na huku, mlinzi wa kituo akinipa liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, ambayo sikuweza kuimeza. Nilirudi jua likiwa bado juu. Nikarudisha volimu. Nikafungua mgonjwa wa kwanza, nikasoma. Wa pili, nikasoma. Mama Georgine alisimama nyuma yangu na kikaratasi cha yale yaliyoandikwa tangu jana mchana, machache, akayasoma nami nikayaandika tena moja moja. Saa kumi kasoro robo watu walikuwa wanapata dawa zao. Walilalamika kidogo juu ya kuchelewa, basi.

Mama Georgine aligusa bega langu akarudi kazini. Nilibaki peke yangu, nikitazama orodha ya majina kwenye skrini. Nilitaka kumwambia mtu, lakini ningemwambia nini? Kwamba nimeokoa watu kutoka mikononi mwangu mwenyewe?

Mlango ukafunguka. Alikuwa daktari mkuu, amekasirika.

"Anaclet, tangu asubui nakutafuta. Imprimante ya labo haichape."

Nikaenda maabara. Mashine ya kuchapa ilikuwa imeishiwa karatasi. Nikatia karatasi, ikachapa. Daktari alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akawaambia watu wote wa maabara kwamba bila mimi zahanati hii isingeenda hata siku moja.